Kupanda Mti Katika Udongo wa Kuazimwa

Hapa Nakivale swali hili tunalisikia kila msimu: kwa nini tujichoshe kutengeneza shamba ambalo si letu? Kesho tunaweza kurudi Kongo, ao kupelekwa ng'ambo. Basi wengine wetu tunachoma mabua, tunalima kufuata mteremko, na mvua, ambayo siku hizi inachelewa kisha inashuka kwa hasira, inabeba udongo mpaka ziwani.

Hatusemi ni swali la kijinga. Mparachichi wa mbegu unakawia miaka mingi kuzaa, na mtu aliyekimbia mara mbili anajua uchungu wa kuacha mavuno. Lakini Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani, nao hawakuwa na hati ya shamba. Mambo ya Walawi 25 inawahesabu hata Waisraeli kuwa wageni katika nchi ya Mungu.

Tena, kufunika udongo kwa majani makavu hakungoji miaka. Maharagwe ya msimu huu huu yanapata unyevu. Mti je? Tukiondoka, utabaki kwa wenyeji waliotupokea, na hiyo si hasara. Nasi wengi tulifika tukisema ni msimu mmoja tu. Watoto tuliozaa hapa sasa wanashika jembe.