Matundu ya Kofia

Nilipostaafu ualimu hapa Lamu, kila baada ya Alfajiri nilijikuta nimekaa barazani sina la kufanya, swali moja likinirudia: nimeishi kwa ajili ya nini? Mke wangu alichoka kunisikiliza, akanitupia kitambaa na sindano. "Baba watoto, shona kofia."

Imamu Ghazali, yule mwanazuoni wa Kiislamu, yalimfika makubwa kuliko yangu. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Ulimi ukamgomea darasani, chakula hakishuki. Akaacha cheo, akaenda Damascus. Watu husifu kule kuondoka. Mimi huwaza zaidi ile miezi karibu sita ya kusitasita, leo aende, kesho abaki. Hapo ndipo ninapomwamini.

Mimi sikwenda popote. Kofia ina mamia ya matundu madogo. Kila tundu hulizungushia uzi, na ukiharakisha linapinda. Zamani nilivuta tasbihi huku nikiwaza pensheni. Siku hizi kuna safu nikiimaliza nagundua sikuwaza lolote. Ni utulivu wa moyo huo, au uzee tu? Nilimuuliza mke wangu. Akaiinua kofia juani, akasema nimeruka matundu mawili.