Alama Tatu

Kustaafu kuna adhabu yake, nayo ni kumbukumbu. Katika maisha yangu ya ualimu nilisahihisha maelfu ya karatasi, kwanza katika shule za msingi, kisha katika chuo cha ualimu ambako nilimalizia utumishi nikiwa mkuu wa chuo, na karibu zote nimezisahau. Ipo moja tu inayonirudia, hasa usiku umeme ukikatika. Niliipa alama 3 kati ya 20. Nitakueleza kwa nini, ndugu msomaji, kisha unihukumu ukipenda.

Ilikuwa mwaka 2006. Wanaoukumbuka mwaka huo hawahitaji kuelezwa mengi: mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa yamepungua maji, na nchi ilikuwa katika mgao mkali wa umeme. Chuoni kwetu mafuta ya jenereta yalitosha saa moja ya jioni. Baada ya hapo wanachuo walijisomea kwa vibatari, na asubuhi walikuja darasani na masizi puani. Nami, pamoja na kazi za ofisi, nilikuwa nikifundisha vipindi viwili kwa wiki vya utangulizi wa sayansi ya mazingira, kwani mkufunzi wa somo hilo alikuwa amehamishwa na hatukuletewa mwingine.

Somo hilo aghalabu huanza kwa namna moja. Unachora ubaoni jua, nyasi, panzi, chura, nyoka na mwewe. Unaviunganisha kwa mishale, halafu unafuta kimoja na kuliuliza darasa kitatokea nini. Darasa zima linaitikia kwamba wote wataangamia. Mwalimu anaridhika, kengele inalia. Nimeuchora mchoro huo mara nyingi mno, wala sikuwahi kujiuliza kama ni kweli kwa kila chura na kila nyoka.

Muhula ule niliamua kutumia mfano wa nchini kwetu badala ya ule wa kitabuni. Nikawapa habari za chura wa Kihansi.

Ni chura mdogo sana, hafiki hata sentimita 3, mwenye rangi ya manjano ya dhahabu. Hatagi mayai, bali huzaa watoto ambao tayari ni vyura kamili. Duniani kote hakupata kuonekana ila katika korongo moja la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, katika eneo la hekta chache tu lililokuwa likiloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Aligunduliwa mwaka 1996, na Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa walioandika maelezo yake ya kwanza ya kisayansi. Shida ni kwamba alipogunduliwa, ujenzi wa bwawa la umeme juu ya korongo hilo ulikuwa umekwisha kuanza. Mitambo ya megawati 180 ilipokamilika, mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa ikapita ndani ya mwamba kwenda kuizungusha, na manyunyu yakapotea. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kwa ndege, wakafugwe huko. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, yaani mvua ya kutengenezwa. Kwa muda ilielekea kufaa, vyura wakaongezeka. Halafu mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ukakutwa katika mizoga. Nilipokuwa nikiwafundisha vijana wangu, korongo lilikuwa kimya.

Nikatoa jaribio. Swali lilikuwa hivi: "Eleza, kwa hoja, kwa nini ilikuwa lazima kumhifadhi chura wa Kihansi." Msomaji makini ataona kwamba swali la namna hiyo limekwisha kujijibu. Vijana nao waliliona, wakanirudishia maneno yangu yote: mnyororo wa chakula, urithi wa vizazi vijavyo, dawa zitakazogunduliwa, watalii. Mmoja tu hakufanya hivyo. Alikuwa ametoka kijiji kimoja ambacho nyaya kubwa za umeme hupita juu ya mashamba yake ya mahindi. Aliandika kwa ufupi, nami nayakumbuka kama yalivyokuwa:

"Mwalimu alisema chura akitoweka mnyororo utakatika. Chura ametoweka. Mnyororo haujakatika. Zahanati ya kwetu haina taa, na mama alijifungua mdogo wangu kwa kurunzi iliyoshikwa na mlinzi. Ningepewa maji yale niyagawe, yote ningeyapeleka kwenye mitambo."

Nilimpa zile alama 3 kwa ajili ya mwandiko.

Alikuja ofisini siku ya pili.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Samahani, Mkuu. Naomba kujua nimekosea wapi."

Nikamwambia kwamba yamkini kesho katika ngozi ya chura yule ingepatikana dawa ya maradhi fulani. Akafikiri kidogo, akauliza kwa adabu, "Na isipopatikana, Mkuu?" Nikamwambia arudi darasani. Akasema ahsante, akaondoka. Wakati ule niliona nimelinda heshima ya somo.

Leo najua kwamba hakukosea pale nilipomkosoa. Kiumbe aliyeishi katika hekta chache za korongo moja hawezi kuwa nguzo ya dunia nzima. Akiondoka, wadudu wa korongo lile huenda wakaongezeka au wakapungua, lakini mvua ya Dodoma haibadiliki. Sisi walimu tumekuwa tukiwatisha watoto kwa hoja ambayo ni kweli kwa misitu, kweli kwa vyanzo vya maji, kweli kwa nyuki, tukaivuta mpaka ikafika mahali ambapo si kweli. Mtoto mwenye akili akigundua kwamba umemdanganya juu ya chura, hatakuamini tena juu ya msitu. Na hoja ya faida ina ubaya mwingine. Ukimtetea yatima kwa kusema kwamba atakuchotea maji, siku akivunjika mguu umekwisha kumtupa.

Basi nilipaswa kumjibu nini? Wako wanaosema kiumbe ana haki yake mwenyewe ya kuwapo, awe na faida au asiwe nayo. Naelekea kukubaliana nao. Lakini nakiri kwamba maneno hayo husemwa kwa wepesi zaidi na mtu anayesoma chini ya taa nzuri, wala nisingethubutu kuyasema mbele ya yule mlinzi aliyeshika kurunzi.

Ilinichukua miaka kuona kwamba mizani yenyewe niliiweka vibaya, na kijana akaipokea kama nilivyompa: upande huu chura, upande huu taa ya mama anayejifungua. Lakini mwaka 2006 chura hakuwapo korongoni, na taa haikuwapo zahanati. Maji yalikwisha kugeuzwa tangu miaka sita nyuma, umeme ukapita juu ya mahindi ya baba yake kwenda kwingine. Ulikwenda viwandani na hospitalini, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Ulikwenda pia kwenye kibaraza cha ofisi yangu, ambako kabla ya mgao kulikuwa na taa iliyowaka mpaka asubuhi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuinuka kwenda kuizima. Mimi mwenyewe sikuinuka. Maji ya kulowesha hekta zile yalikuwa sehemu ndogo ya mto, na kilichopaswa kupimwa dhidi ya chura ni umeme wa sehemu hiyo, pamoja na zile taa ambazo hazikumulika mtu.

Nalo suala la muda linanisumbua. Umeme una njia nyingi. Kufikia mwaka 2004 gesi ya Songosongo ilikuwa ikizalisha umeme Ubungo, na tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha. Mbele ya hiyo, zile 180 za Kihansi ni ndogo. Chura alikuwa na korongo moja tu, na sisi tulikuwa na haraka. Sisemi bwawa lisingejengwa. Lilikuwa limekwisha kuanza, na kurudi nyuma nako kungewagharimu watu ambao hawakuwa na kosa. Nasema tu kwamba mtu anayegundua katikati ya safari kwamba amekanyaga mtoto hawezi kujitetea kwa kusema safari ilikuwa ya maana.

Mwaka 2009 chura yule alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 waliozaliwa Marekani walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa korongoni, chini ya ile mvua ya mabomba. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikasita: anayeishi kwa bomba analolishikilia mwingine, je, amerudi kwao, au amelazwa wodini? Bado nalitafakari. Gharama yake pia naitafakari, maana kijana yule angeuliza fedha hizo zingejenga zahanati ngapi, na angekuwa na haki ya kuuliza.

Karatasi yake ingekuja mezani kwangu leo ningempa 14. Zile 6 ningezizuia, na pembeni, penye neno "yote", ningeandika kwa wino mwekundu: Nani amekuambia ni yote au hakuna? Kisha ningelazimika kuisoma tena karatasi ya maswali niliyoitunga mwenyewe.