Mende Aliyepata Ukoo

Samuel Conway ni mkemia mwenye shahada ya uzamivu. Alipotaka mnyama wa kumwakilisha hakuchukua simba wala tai, alijichagulia mende. Ni mende samurai, na wenzake humwita Mjomba Kage. Kwa jina hilo Conway ameongoza kwa miaka mingi Anthrocon, mkutano wa watu wanaojiita fari, yaani wenye manyoya. Ulianzia Albany, New York, mwaka 1997, ukahamia Pittsburgh mwaka 2006, na mwaka 2024 ulikusanya watu zaidi ya 17,000.

Wengi wao hujichagulia mbwa mwitu, mbweha, paka au majoka. Kila mtu humpa mnyama wake jina, rangi na tabia. Kijana mwenye haya anapomchora mbweha mcheshi, anauonja ucheshi huo kabla hajathubutu kuutoa kwa sauti yake mwenyewe. Hilo si jambo dogo.

Wapita njia huona mavazi ya wanyama tu, ilhali wengi hawana vazi kamili. Bei yake hufika maelfu ya dola, na joto la ndani ni kali kiasi kwamba mikutano hutenga chumba chenye feni na maji, wavaaji wavue vichwa vya mavazi wapumue.

Theriani ni watu wengine, na ni haki kutowachanganya na fari. Hao hawabuni mhusika. Wanahisi kwamba nafsi yao, au sehemu yake, ni ya mnyama, huku wakijua vyema kuwa mwili wao ni wa binadamu. Walianza kutambuana kwenye intaneti miaka ya 1990, katika kundi la wapenzi wa hadithi za kutisha.

Msomaji wa Kampala atakumbuka miziro, yaani alama za koo, ya Baganda: mtu wa ukoo wa Mmamba hamli samaki mwenye jina hilo. Lakini muziro hurithiwa kwa baba, nao humpa mtu ndugu kabla hajazaliwa. Fari huanza na mnyama, peke yake chumbani, ndugu huwatafuta baadaye.

Na undugu huo umewahi kupimwa. Machi 2016, huko Richmond karibu na Vancouver, Kanada, hoteli ya mkutano wa VancouFur ilikuwa pia makazi ya muda ya wakimbizi kutoka Syria. Waandaaji waliwatahadharisha washiriki mapema: hakikisheni wakimbizi hawa wanajisikia salama. Watu waliozoea kuchekwa mitaani wakawa wenyeji wa watu waliokimbia vita. Picha zilizosambaa zilionyesha watoto wa Kisyria, nyuso zikiwa zimechangamka, wakiwakumbatia wanyama waliowazidi kimo.