Waliosikilizwa na Waliotazamwa

Tarehe 11 Septemba 1893, kengele iligongwa mara 10 jijini Chicago, mara moja kwa kila dini iliyohesabiwa kuwa kubwa. Ndivyo lilivyofunguliwa Bunge la Dini Duniani, sehemu ya Maonyesho ya Dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Kwa siku 17 Vivekananda na wenzake waliueleza Uhindu, Dharmapala wa Ceylon akasimama kwa niaba ya Wabudha, naye Alexander Russell Webb, Mmarekani aliyesilimu, akautetea Uislamu.

Askofu Mkuu wa Canterbury, Edward Benson, aliukataa mwaliko. Kwake Ukristo ulikuwa dini pekee ya kweli, na kuuketisha na nyingine kungekuwa kukiri kwamba zote ni sawa. Hoja hiyo ina uzito. Anayeamini ameipata kweli haombwi aivue mlangoni kama viatu ndipo akaribishwe kuzungumza. Lakini Benson alichanganya usawa wa mafundisho na usawa wa watu. Webb alishuka jukwaani akiwa Mwislamu yule yule. Mwenyekiti mwenyewe, mchungaji John Henry Barrows, alitumaini kuwa dini nyingine zingepata ukamilifu wake katika Ukristo, na bado aliwapa wengine nafasi ya kujieleza.

Kosa zito lilikuwa kwingine.

Kusini mwa jiji, kwenye eneo la burudani la Midway Plaisance, watu wa Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, waliwekwa katika kijiji cha maonyesho, wakicheza ngoma mbele ya wageni waliolipa kiingilio. Wakati huohuo Ufaransa ilikuwa ikiiteka nchi yao. Walikuwa na miungu yao, makuhani wao na ibada zao, ila hakuna aliyewaita bungeni wazieleze. Hata dini za wenyeji wa Amerika zilisimuliwa na mtafiti, Alice Fletcher, badala ya wenyewe.

Si rangi peke yake iliyowafungia mlango: Askofu Benjamin Arnett, Mkristo mweusi, alihutubia bunge. Lakini alihutubia kama Mkristo, yaani kwa dini ambayo tayari ilikuwa miongoni mwa zile 10. Imani ya Mdahomey haikuhesabiwa, kwa hiyo alichokifanya hadharani kilionekana kuwa kichekesho au ushenzi. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyefundisha Makerere, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi dini ya Mwafrika ilivyoenea katika maisha yake yote, bila msahafu wala mwanzilishi mmoja. Kwa mizani ya Chicago, hayo yalikuwa upungufu.

Mizani hiyo haikuwa ya haki. Mwaguzi wa Fa, mfumo wa uaguzi wa Dahomey, alijifunza kwa miaka mingi alama 256, kila moja na visa vyake, akavihifadhi kichwani. Ni elimu yenye walimu na wanafunzi, na kwa msaada wa mkalimani ingeweza kuelezwa jukwaani saa ileile watu wa Dahomey walipokuwa wakitazamwa wakicheza.