Kwa Mwendo wa Watoto

Neno kuu: Mwanzo 33:12–17



Likizo ya Agosti nilipeleka familia yangu kupiga kambi Mlima Kenya. Tulikuwa wanne: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka 8 na kitinda mimba wetu wa miaka 5. Wengi wenu mnakumbuka nilivyotangaza hapa madhabahuni kwamba naenda kuwaombea kutoka mlimani. Mkapiga makofi.

Tulitoka Nairobi alfajiri, tukapita Nanyuki, tukafika lango la Sirimon, kama mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Kiongozi wetu wa mlima akashauri tulale pale langoni usiku wa kwanza, miili izoee hewa. Nikakataa. Nilikuwa na siku mbili tu, na tayari nilikuwa nimetangaza! Tukapanda siku hiyo hiyo kilomita tisa hivi hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300.

Jioni tukabandika maharagwe. Sufuria ikachemka kwa kelele, lakini saa mbili baadaye maharagwe bado yalikuwa magumu kama mawe. Kiongozi akacheka: "Mchungaji, huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha."

Kumbe alikuwa ananihubiria mimi.

Usiku ule mdogo wetu akakataa chakula. Kichwa kinauma. Akatapika mara ya kwanza, akatapika ya pili. Nikamwekea mikono, nikakemea, nikaomba kwa sauti mpaka hema la jirani wakaamka. Kiongozi akaja na tochi akasema huu ni ugonjwa wa mwinuko, dawa yake ni kushuka, na tukikawia unaweza kuzidi. Nikamwambia tungoje asubuhi, Mungu anatenda. Ndipo mama watoto akaniambia polepole, "Baba watoto, umeomba vizuri. Sasa mbebe mtoto tushuke."

Mpendwa, nilikasirika. Lakini moyoni nilijua kinachonizuia si imani. Niliogopa kurudi hapa niwaambie sikukaa mlimani.

Saa nne usiku nikafunga mtoto mgongoni kwa leso, tukaanza kuteremka gizani. Njiani nikasikia sauti ndogo mgongoni: "Baba, nimekuharibia safari?"

Swali hilo lilinivunja. Mtoto anaumwa, na bado anaomba msamaha kwa sababu ameshindwa kufuata mwendo wangu. Nililia hadi chini. Tulipofika langoni saa saba usiku, akasema ana njaa. Akala mkate na chai. Kichwa kilikuwa kimeanza kupoa. Nikaelewa kwamba ile njia ya kushuka ndiyo iliyokuwa jibu la maombi yangu.

Sasa mwangalie Yakobo. Esau amekuja na watu 400, wenye nguvu, wanaotembea haraka. Anamwambia ndugu yake, twende pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima. Anasema watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, na ikikimbizwa hata siku moja itakufa. Wewe tangulia, mimi nitakuja kwa mwendo wa watoto. Na huyu ni mtu aliyetoka tu kushindana usiku kucha akapewa baraka! Lakini alitoka pale akichechemea. Aliyekutana na Mungu kweli hana haja ya kushindana mbio na mtu. Tena alipofika Sukothi alisimama, akajenga nyumba, na mifugo akaijengea vibanda.

Wazazi, tumewaburuta watoto wetu wapi? Wengine tunawaamsha usiku kwa maombi na kuwachapa wakisinzia. Wengine tunawalinganisha na mtoto wa jirani kila shule zikifungwa. Wakishindwa, wanajiona wametuharibia safari. Wakikua wanaacha kanisa, nasi tunauliza kosa lilikuwa wapi.

Na sisi viongozi: yule aliyeokoka juzi, umempa mzigo wa miaka kumi? Amerudi nyuma, au ni wewe uliyekimbia ukamwacha?

Sikwambii uache kuomba. Omba, tena sana. Ila ukishaomba, mgonjwa mpeleke hospitali, mchovu mpumzishe, mdogo mbebe. Imani haikatazi kuteremka.

Wiki hii, kabla hujaongoza ibada ya nyumbani, mwulize kila mtoto: "Natembea haraka kuliko wewe?" Kisha nyamaza, usijitetee. Mimi nilimwuliza wangu. Akasema, "Saa zingine, Baba." Nikamwomba msamaha.

Tuombe: Baba, utusamehe pale tulipotafuta sifa kwa migongo ya watoto wetu. Umetuvumilia kwa mwendo wetu. Tufundishe kutembea kwa mwendo wao, hadi tufike sote, bila mmoja kuachwa njiani. Katika jina la Yesu. Amina.