Arudi Kwenye Kipando Chake



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Abu Dawud amepokea kisa cha msichana wa Banu Ghifar aliyetoka na wanawake wenzake kwenda Khaybar kuhudumia majeruhi. Mtume (s.a.w.) alimpakia nyuma yake, juu ya mfuko wa tandiko. Waliposhuka asubuhi, msichana akaona damu kwenye mfuko. Ilikuwa hedhi yake ya kwanza. Akajikunyata kando ya ngamia kwa aibu. Mtume alipoiona damu ile alimuuliza kama amepata hedhi, kisha akamwelekeza ajitengeneze, atie chumvi kwenye maji, aoshe mfuko, arudi kwenye kipando chake. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi ya kisa hiki. Lakini kile cha Bibi Aisha (r.a.) kulia huko Sarif njiani kwenda Hija, na Mtume kumtuliza, kimo katika Bukhari na Muslim, na mwelekeo ni uleule: safari iliendelea, naye akiwamo.

Hapo kwenye kuendelea na safari ndipo penye neno langu. Sharia imemwondolea mwenye hedhi swala, wala hailipi. Saumu ataifunga baadaye. Mtihani wa saa tatu asubuhi hakuna aliyemwahirishia. Dada asiye na hela ya pedi atakunja tishu ya chooni akae kwenye mtihani akiogopa kuinuka, au atabaki hosteli aseme ana malaria.

Sisi wa huku mpakani, Kwapa, Tororo na Busia zote mbili, tunazijua serikali mbili kwa jambo hili. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapa sodo bure wasichana wa shule za umma. Uganda, pedi ziliahidiwa kwenye kampeni za uchaguzi wa 2016, na Februari 2017 Waziri wa Elimu, Janet Museveni, akawaambia wabunge kwamba pesa hazipo. Na hata hiyo sheria ya Kenya inaishia kwenye geti la sekondari. Binti akija chuo kikuu huhesabiwa kuwa ametajirika likizoni!

Atasema mtu kwamba haya ni sehemu ya imani. Ni kweli. Lakini Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, na habari ya kujisafisha hedhi aliulizwa Mtume mwenyewe. Haya yetu ionekane katika namna ya kutoa: pasiwe na daftari la majina, wala kusaini, wala picha ya kukabidhi.

Sadaka ya Ijumaa tumeinunulia mikeka, sukari ya futari, hata spika. Sehemu yake inunue pedi kwa katoni, bei ya jumla. Sanduku moja likae dada wanapotilia udhu, jingine vyoo vya wanawake karibu na maktaba, maana anayehitaji si Muislamu peke yake. Ndiyo sababu nasema sadaka: zaka ina makundi yake manane katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi hawaruhusu maskini asiye Muislamu apewe zaka, sadaka haina kizuizi hicho. Pawekwe na ndoo yenye kifuniko, kwa sababu pedi ikitupwa ndani ya choo, choo kitaziba na lawama zitawarudia haohao dada. Ufunguo washike wao, na aina ya pedi wachague wao. Kazi yetu akina kaka ni kuchanga na kubeba katoni.

Pendekezo hili nitalileta mkutano mkuu wa jumuiya, kwenye ajenda ya fedha. Nawaomba akina kaka, neno hedhi likitajwa, msicheke, na msitoke nje kupokea simu.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum.