Mzigo Ulioongezwa Baada ya Mizani



Sisi tukaao Engutoto twauona Mlima Meru kila asubuhi usipofunikwa na mawingu, na kwa kuuzoea hivyo twaweza kumaliza miaka mingi bila kuukanyaga. Miezi michache iliyopita tulialikwa kufuatana na vijana wa parishi na wageni wao katika safari ya siku nne mlimani, nasi, kwa kiburi cha uzee, tukakubali.

Tulifuata barabara ya Moshi hadi Usa River, tukakata kushoto kuingia Hifadhi ya Arusha. Kwenye uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo twiga walisimama wakatutazama kama wakaguzi wa shule. Langoni Momella mizigo ilipimwa, maana mpagazi haruhusiwi kubebeshwa kupita kiasi. Kule Kilimanjaro kiasi chenyewe ni kilo 20. Mfuko wetu ukapita. Kisha, msimamizi alipogeukia upande mwingine, tukaufungua tukatia chupa ya chai, jozi ya viatu, sweta la pili na kitabu cha sala chenye jalada gumu. Kwa makadirio yetu ni kilo nne. Hakuna aliyetukataza. Kijana aliyepewa mfuko ule akatuamkia shikamoo, akajitwika, akatangulia.

Askari wa hifadhi alituongoza na bunduki yake kwa ajili ya nyati, tukapanda polepole msituni hadi vibanda vya Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari. Kijana alipoutua mfuko tuliona alama za kamba mabegani mwake.

"Pole, mwanangu. Mzigo umekuelemea?"

"Hapana, Mwalimu. Ni kazi tu."

Usiku ule, tukiota moto wa jikoni, tuliliweka jambo hili mbele ya wenzetu. Mmoja akasema: kuna kosa gani? Kijana ameitaka kazi mwenyewe, atalipwa, wala hakuna aliyemshika mkono. Hoja hii si ya kudharauliwa. Kubeba kwa ujira si utumwa, na mgeni anayejibebea vyote kwa huruma huenda amemrudisha mtu nyumbani bila unga. Walakini tukaona kwamba mapatano yalifanyika penye mizani. Kijana alikubali uzito uliopimwa. Zile kilo nne hakuulizwa, na ukimya wake haukuwa kukubali, kwa sababu mtu anayetumaini kuitwa tena kesho hawezi kubishana leo. Nasi tuliyajua hayo tulipokuwa tukifunga zipu. Sisi ambao kwa miaka mingi chuoni tuliwanyang'anya wanafunzi karatasi za mtihani kengele ikilia, wasiongeze hata nukta, tuliongeza kilo nne baada ya mizani!

Asubuhi tukaanza kuvitoa vitu vyetu tuvibebe wenyewe. Kijana akatusogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tafadhali acha. Kiongozi akiona umepunguza, atasema mimi sina nguvu, asiniite tena." Hapo tulikwama. Kosa tulilolifanya kwa siri hatukuweza kulitengeneza kwa siri bila kumtia yeye hasarani. Ikatubidi kumwendea kiongozi na kumwambia mbele ya wote kwamba mwenye makosa ni sisi. Kiongozi akacheka, akaichukua chupa ya chai mwenyewe. Viatu na sweta vikawa vyetu, na kitabu cha sala pia. Tulipotaka kumwomba radhi kijana, tukagundua kwamba tumetembea naye siku nzima bila kumwuliza jina. Basi tukamwuliza.

Jambo hilo la jina likaturudisha kwenye masomo tuliyoyafundisha. Mnamo tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS, chama cha Kanisa la Uingereza, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Kwanza alidhani ni wingu jeupe. Kiongozi wake, Bwana Kheri, aliuita weupe ule baridi tu, bila kushangaa, wakati wataalamu wengine kule London waliendelea kwa miaka kukanusha kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Tena mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni kwa kuwa wapagazi waliwapandishia chakula kambini, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliilinda kambi yao ya juu katika baridi kali. Tulipowauliza wanafunzi ni nani waliofika kileleni kwanza, tulitoa alama kwa jina la Meyer. Kwa Mwini Amani hatukutoa hata nusu alama, maana hatukumwuliza mtu yeyote habari zake.

Penye vibanda vya Saddle, mita 3,570, kichwa kilianza kutugonga na pumzi zikawa fupi. Kiongozi akatuagiza tunywe maji, tupumzike, na hali ikizidi tushuke. Hapo tukakumbuka sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, ambapo Mtume Paulo anaagiza watu wasaidiane mizigo, na aya tatu tu mbele anasema kila mmoja ana mzigo wake mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wakituuliza kama Mtume hajajipinga, nasi tuliwajibu kwa maneno ya vitabuni. Pale tuliona jibu jingine. Mfuko waweza kuhama mgongo huu ukaenda ule. Pumzi haihami, hakuna wa kukupumulia. Na hesabu ya ulichokitia mfukoni nayo haihami, hata mfuko ukibebwa na mwingine.

Usiku wa manane vijana waliondoka kuelekea Kilele cha Ujamaa, mita 4,562. Sisi tulibaki na wapagazi. Tukamwuliza yule kijana kama amewahi kufika juu. "Mara moja," akasema, "siku ambayo sikuja kazini."

Tuliporudi langoni tulimpa fedha juu ya ujira wake, akapokea kwa mikono miwili na kushukuru sana kuliko ilivyostahili. Na hapa ndipo tuliposhindwa. Hatujui kama fedha ile ilikuwa deni tulilolipa kwa haki, au ilikuwa ya kununulia raha ya nafsi zetu wenyewe, ili tushuke mjini tukiwa wema tena. Mhariri ametukubalia kuwaomba wasomaji mliowahi kupanda mlima huu mtuandikie maoni yenu, na zaidi sana ninyi mliowahi kuwabebea wengine.